Mwanangu ana miaka miwili na miezi saba, bado hasemi. Mlioyapitia naomba msaada

Umm Konde
Assalaam alaykum wana jamvi. Mie ni mama wa watoto watatu, nakaa Konde, Pemba. Huyu wa mwisho ni mwanamme, ana miaka miwili na miezi saba, na maneno yake hayajazi kiganja. Anasema "mama", anasema "toa", anasema "ba", na hiyo ba ni baba, ni babu, ni bakuli na ni bahari. Lipo na neno "dede" ambalo hatujalijua maana yake, ila akiiona gari lazima aliseme. Dada zake kwa umri huu walikuwa washaanza kunijibu.

Akitaka maji hunishika mkono akanipeleka kwenye friji, akanyoosha kidole na kunitazama usoni. Akitaka kutoka huniletea viatu vyangu. Na wenziwe anacheza vizuri, ana kigari chake cha kopo anakivuta kwa kamba tangu asubuhi. Nikimwambia "lete kikombe" siku nyengine analeta, siku nyengine ananipita kana kwamba sikusema kitu. Bibi yake anasema huo ni utundu tu.

Kuzaliwa alizaliwa salama, chanjo zote kapata, degedege hajawahi. Mafua ndiyo hayamwishi. Mwaka jana sikio lilimtoka usaha, likapona. Usiku analala mdomo wazi na anakoroma mpaka wa chumba cha pili wanamsikia.

Sasa kila mtu ana lake. Bibi wa upande wa baba anasema hata babake alichelewa, nisubiri. Mama yangu anataka akatwe kimeo. Jirani anasema anyweshwe kombe la aya. Babake yuko Unguja kwenye biashara zake Darajani, kila akipiga simu la kwanza ni "keshasema?" Na wifi yangu kanirushia video ya watoto wenye usonji, ile wanayoita autism, tangu siku hiyo usingizi sina. Mwenye kujua anisaidie, ila msinitishe.

Yakhe wa Gando
Wa alaykum salaam. Tulia dada, wanaume wanachelewa. Mie naambiwa nilikaa kimya miaka mitatu, siku nilipofungua mdomo nikaanza na tusi.

Mshona Kofia
Kamsomeshee kwa mwalimu anayejua. Jicho hilo. Mtoto mzuri hatolewi tolewi nje kila saa.

Mtu wa Michenzani
Anaangalia katuni kiasi gani kwa siku? Wangu alikuwa anazisema zile nyimbo za Kiingereza zote toka mwanzo hadi mwisho lakini "naomba maji" hajui.

Nesi wa Zamu
Umm Konde, shukran kwa kueleza vizuri, maana wengi humu huandika "mtoto hasemi, dawa gani" basi. Mie ni nesi, watoto ndiyo kazi yangu. Siwezi kumpima mtoto kwa simu, lakini nikisoma ulivyoandika, jicho langu limesimama kwenye ule mstari ulioupitisha haraka: mafua yasiyoisha, sikio lililotoka usaha, mdomo wazi, kukoroma. Hapo ndipo ningeanza, kabla ya kimeo, kombe na hiyo video ya wifi yako.

Nyuma ya pua kuna nyama ambazo watoto wote wanazo. Kwa baadhi yao zinavimba, mtoto anashindwa kupitisha hewa puani, ndiyo maana ya kukoroma. Zikivimba zinaziba pia kile kijia chembamba kinachopeleka hewa nyuma ya ngoma ya sikio. Hewa isipofika, majimaji mazito yanajikusanya kule. Mtoto hana homa, sikio halimuumi, halitoki kitu, na wewe ukilichungulia kwa nje ni zima. Lakini anasikia kama mtu aliyezamisha kichwa baharini anavyowasikia watu waliopo pwani. Sauti ipo, maneno hayapo.

Na hali hiyo haikai sawa kila siku. Mafua yakipungua anasikia afadhali, yakirudi anafifia. Ndiyo maana siku nyengine kikombe analeta na siku nyengine hakuoni. Watu wazima tunaita utundu.

Naomba unijibu haya. Ukimwita jina kwa nyuma, kwa sauti ya kawaida, bila kukuona, anageuka? Televisheni anaisogelea? Ulipokuwa na mimba yake uliwahi kutoka vipele na homa? Alipozaliwa aliwahi kuwa manjano sana, au kulazwa akachomwa sindano za gentamaisini, dawa ambayo inaweza kudhuru masikio? Kuna mtu katika ukoo ambaye ni kiziwi tangu utotoni?

Mama Wawili Pacha
Nesi umenifungua macho. Nafuatilia uzi.

Bi Mkubwa wa Mtambwe
Nyinyi vijana mnakimbilia mashine. Sisi tumelea. Mtoto asiyesema huangaliwa kimeo, kikiwa kirefu kinakatwa, na huangaliwa ulimi chini kama umefungwa. Wangu mmoja alikatwa na leo ni mwalimu wa chuo cha Kurani, darsa zake mnazisikia kwenye spika.

Nesi wa Zamu
Shikamoo Bi Mkubwa. Kwa heshima yako yote, kimeo hakina kazi yoyote katika kuanza kusema. Maneno yanatengenezwa kichwani kwa yale masikio yanayoyaleta, kisha ulimi na midomo ndiyo inayotamka. Kimeo kinaning'inia tu pale nyuma. Nimewapokea watoto waliokatwa wakaja wanavuja damu, na wengine koo zimeoza kwa wembe uliotumika kwa mwengine. Damu ya mtoto wa miaka miwili ni kidogo, akivuja usiku kucha unampoteza. Mwanao angesema hata kimeo kingebaki.

Ulimi kufungwa kwa kile kiuzi cha chini ni jambo la kweli, lipo. Lakini mtoto wa aina hiyo taabu yake huwa kunyonya akiwa mchanga, au baadaye kutamka baadhi ya sauti. Maneno atakuwa nayo tele, ila yatatoka hayajanyooka. Huyu wa Konde maneno yenyewe hayapo.

Bi Mkubwa wa Mtambwe
Marahaba. Nimekusikia. Kombe je, nalo mnalikataza?

Nesi wa Zamu
Sikatazi, bibi. Asomewe na anywe kombe lake, ni dua. Ninachokataza ni kutiwa kitu sikioni: mafuta ya nazi ya moto, maji ya kitunguu, maziwa ya mama. Na dua isiwe sababu ya kuchelewesha kipimo.

Umm Konde
Nesi, nimekaa naye kutwa nikimwangalia kwa yale uliyoniuliza. Nilimwita kwa nyuma akiwa na kigari chake: hakugeuka. Nikaita tena, kimya. Ikapita honda barabarani akageuka mbio, "dede!" Bibi yake akasema unaona, anasikia huyo, anakudharau. Nikaja mbele yake nikamwita kwa sauti ileile, akanitazama mdomo na akacheka.

Televisheni anaisogelea mpaka pua inagusa kioo, mie nilidhani macho. Vipele wakati wa mimba sikupata. Manjano alikuwa nayo kidogo siku za mwanzo ikaondoka bila kulazwa. Kiziwi katika ukoo hatuna.

Nesi wa Zamu
Honda isikudanganye, wala kupigiwa sufuria nyuma ya kichwa. Mlio mzito na mkubwa unapenya hata sikio likiwa na maji. Kinachopotea ni zile sauti nyepesi, s, f, sh, ch, na mwisho wa maneno. Mtoto anageukia honda na hapohapo hatofautishi "fika" na "shika".

Nenda kituo cha afya kilichopo karibu na wewe na kadi ya kliniki, ueleze hivi ulivyoeleza hapa, uombe rufaa ya kwenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Useme waziwazi unataka apimwe kusikia. Wakikwambia "atasema tu", rudia ombi lako kwa adabu na usitoke bila karatasi.

Kipanga Mweusi
Hapa hamsemi ukweli. Ni zile chanjo za surua. Watoto wa zamani hawakuchanjwa na walikuwa wanasema. Dawa za Wazungu zinaleta usonji.

Nesi wa Zamu
Kipanga, maneno hayo yana mwenyewe. Daktari mmoja wa Uingereza, Andrew Wakefield, aliandika makala mwaka 1998 kwenye jarida la madaktari la Lancet kuhusu watoto 12 tu. Ilipochunguzwa ikaonekana mambo hayakuwa sawa, jarida likaifuta makala mwaka 2010 na yeye akaondolewa kwenye orodha ya madaktari mwaka huohuo. Denmark wakafuatilia watoto zaidi ya 650,000, matokeo yakatoka 2019: waliochanjwa surua hawakupata usonji zaidi ya wasiochanjwa.

Na ile chanjo ya miezi tisa na ya miezi 18 inakinga surua pamoja na rubela. Rubela, ule ugonjwa wa vipele na homa niliokuuliza, ikimpata mama mjamzito miezi ya mwanzo, mtoto anaweza kuzaliwa kiziwi. Surua yenyewe inaweza kuharibu masikio. Kwa hiyo unamwambia mtu aache kitu kinacholinda usikivu ili mtoto aweze kusema. Fikiri tena.

Yakhe wa Gando
Kipanga karuka zake.

Mwalimu wa Maandalizi
Mie nafundisha skuli ya maandalizi hapa Unguja. Nataka niseme kidogo kuhusu lile la "wanaume wanachelewa". Ni kweli wanachelewa, lakini tofauti yao na wasichana ni ya miezi michache, haifiki mwaka. Mtoto wa mwaka mmoja awe anabwabwaja, anapunga mkono, ananyoosha kidole. Akifika mwaka na nusu awe na maneno yake kadhaa. Miaka miwili, maneno kama 50 na aanze kuyaunga mawili mawili: "baba kenda", "taka maji". Msimcheke anaposema "taka maji" badala ya "nataka maji", watoto wa Kiswahili huanza hivyo, viambishi vinakuja baadaye. Akifika mitatu, hata mgeni aliyeshuka boti leo aelewe sehemu kubwa ya anachosema. R kuwa l, "lafiki" badala ya "rafiki", hiyo hata miaka mitano naiacha.

Wapo wanaochelewa kisha wakafukuzia wenyewe, ni wengi tu, na Yakhe huenda ni mmoja wao. Taabu ni kwamba ukimtazama mtoto wa miaka miwili huwezi kujua ni yupi atakayefukuzia na yupi hatofukuzia. Ndiyo maana hatungoji.

Wakati unasubiri daktari, nyumbani kuna kazi. Zima televisheni unapozungumza naye. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema chini ya mwaka mmoja asiangalie kabisa, na kuanzia miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ndiyo bora. Mtu wa Michenzani, wako alijifunza nyimbo kwa sababu katuni haimsubiri mtoto ajibu. Lugha inajengwa kwa kupokezana.

Basi kaa chini, uso wako uwe sawa na wake. Ukikuna nazi, sema unachofanya, kwa maneno machache: "Nakuna nazi. Nazi nyeupe. Onja." Akisema "dede" na kuonyesha gari, usimwambie "sema gari! sema gari!" Mjibu: "Gari! Gari kubwa. Gari limepita." Umempa neno lake na umelirefusha. Akija kukushika mkono kwenye friji, usifungue papo hapo. Mtazame, muulize "maji au maziwa?" huku ukimwonyesha, kisha nyamaza. Kunyamaza huko ndiko kugumu. Hesabu mpaka kumi moyoni. Akitoa sauti yoyote, hata "ma", mpe na umwambie "maji!" Na dada zake waambieni wasimsemee. Nyumba nyingi mtoto wa mwisho ana wakalimani, hana haja ya kusema.

Mtu wa Michenzani
Na lugha mbili mwalimu? Chuoni Kiarabu, mama mkwe wangu yuko Muscat anamsemesha Kiarabu kwenye simu, nyumbani Kiswahili. Dakta mmoja kaniambia tuache moja.

Mwalimu wa Maandalizi
Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto. Unahesabu maneno ya lugha zote pamoja, "maji" moja, "khubz" moja. Semeni naye ile mnayoijua vizuri, ndiyo mtakayomsemesha sana.

Baba wa Mtoni
Nimeusoma uzi huu wote, sikutaka kuandika ila acha niandike. Binti yangu alikuwa haitiki. Tulipokwenda kuuliza mara ya kwanza, sehemu siitaji, tuliambiwa "huyu mjanja, anawachezea, mrudisheni akifika miaka minne". Tukamrudisha akifika minne. Alipopimwa sawasawa ikawa masikio yote mawili hayasikii kabisa, tangu kuzaliwa. Si maji, ni mshipa wa ndani.

Kuna kifaa cha kupandikizwa ndani ya sikio, Muhimbili walianza upasuaji huo mwaka 2017, lakini kadiri mtoto anavyopandikizwa mapema ndivyo ubongo unavyojifunza sauti, na gharama zake si za mchezo. Kwetu sisi haikuwa. Binti yangu anasoma kwa lugha ya alama. Ana akili, hesabu anawashinda kaka zake, na mimi na mama yake tunajifunza alama. CHAVIZA, Chama cha Viziwi Zanzibar, ndio waliotushika mkono, na pale Wizara ya Elimu kuna Kitengo cha Elimu Mjumuisho na Stadi za Maisha, hao waulizeni habari za skuli. Sina majuto na mtoto. Nina hasira na miaka ile aliyokaa bila lugha yoyote, si ya mdomo wala ya mikono.

Umm Konde, ishara anazotumia mwanao msimkataze. Kuna watu watakwambia akizoea ishara hatosema. Si kweli.

Mshona Kofia
Mungu akulipe Baba wa Mtoni. Hapo umenishika.

Umm Konde
Wapendwa, nimerudi. Rufaa niliipata, nikavuka na boti kumfuata babake Unguja, na tumeonana na daktari wa masikio.

Alimchungulia kwa taa. Kisha wakamtia kidude cha mpira sikioni kinachosukuma hewa kidogo na mashine inachora mstari. Daktari akanionyesha: sikio zima huchora mlima, la mwanangu limechora mstari uliolala, kulia na kushoto. Kikaja kipimo cha kusikia. Vile vya kuvaa masikioni alivitupa, basi wakatumia spika ukutani. Nimempakata, sauti inatoka upande mmoja, tunangoja ageuke. Nilikuwa naisikia mie, ndogo, na yeye anachezea vifungo vya baibui langu. Wakaongeza. Hajageuka. Wakaongeza tena, mie nshaona inaniumiza, ndipo akainua kichwa.

Ni kama Nesi alivyosema: maji nyuma ya ngoma masikio yote mawili, na nyama za nyuma ya pua zimevimba. Mshipa wa ndani hawana wasiwasi nao mpaka sasa ila watampima tena. Wamesema mara nyingi maji haya hukauka yenyewe, kwa hiyo nirudi baada ya miezi mitatu. Yasipokauka watazungumza habari ya kuziondoa hizo nyama na kumwekea vijibomba vidogo kwenye ngoma. Dawa ya matone hawakunipa, wamesema haifiki kule.

Niliuliza la usonji, sikuweza kutoka bila kuuliza. Akaniuliza maswali mengi: ananyoosha kidole kunionyesha kitu tu, si kwa kukitaka? Anajifanya anapika, anaendesha? Akifurahi ananitazama? Kuna neno alilokuwa nalo likapotea? Akasema kwa aliyoyaona leo hana sababu ya kulifuata hilo, ila kama kusikia kukirudi na maneno yasije tutaangalia upya. Babake alikuwa amekaa pembeni kimya muda wote. Tulipotoka akamwinamia mtoto mpaka sikioni akamwambia "twende tukale urojo", na mtoto akamshika kidole.

Tatizo jengine: bibi yake kasikia "hasikii vizuri", sasa anamsemesha kwa kelele, Konde nzima inajua tunapika nini.

Nesi wa Zamu
Alhamdulillah. Mwambie bibi asipige kelele, kelele huvunja maneno. Asogee karibu, hatua moja hivi, mtoto amwone uso, aseme kwa sauti ya kawaida na taratibu. Na moshi umpitie mbali, wa sigara na wa jiko la kuni, unazidisha haya mambo. Hiyo miezi mitatu usiipitishe hata ukiona kaanza kuzungumza.

Bi Mkubwa wa Mtambwe
Mie nimeshamwambia binti yangu wa Wete ampeleke wake. Kimeo nimekiacha.

Mama Wawili Pacha
Samahani niulize kwa uzi wa mwenzangu. Mmoja wa pacha wangu ana miezi 20. Alikuwa anasema "baba", "maji", "bai", anapunga mkono. Kama miezi miwili hivi hana hata moja, mkono hapungi, jina haitiki, anapenda kuzungusha mifuniko sakafuni. Mwenziwe anaendelea vizuri. Mume wangu anasema kaona wivu. Niko Mkoani, Pemba.

Nesi wa Zamu
Mama Pacha, lako usiliweke kwenye fungu la kusubiri. Mtoto kupoteza maneno aliyokuwa nayo, kwa umri wowote, ni la kwenda hospitali wiki hii. Huko Mkoani anzia Hospitali ya Abdalla Mzee, omba daktari wa watoto. Apimwe masikio vilevile, na waambie upotevu huo kama ulivyotuandikia, pamoja na mifuniko. Kama simu yako ina video zake za zamani akisema "bai", nenda nazo, na umrekodi sasa. Huenda ukaulizwa dodoso la maswali 20 la kuchunguza usonji, ni la watoto wa miezi 16 hadi 30, kwa hiyo umri wake ndio huu. Likionyesha alama si hukumu, ni kukupeleka kwa mtu wa kumtazama zaidi. Na ZAPDD, jumuiya ya wenye ulemavu wa akili, ina wazazi waliokutangulia. Zungumza nao hata kabla ya majibu.

Mama Wawili Pacha
Kesho asubuhi nakwenda. Wakinipa rufaa ya Unguja, sijawahi kufika hospitali za huko, sijui pa kuanzia.

Umm Konde
Ukipata rufaa niandikie humu ndani. Kadi ya kliniki usiisahau, mie walinidai kila dirisha, na mchukulie mtoto kitu cha kutafuna maana foleni ni ndefu. Babake wangu atakupokea bandarini na kukupandisha daladala, yuko hapo Darajani siku zote.